Mashine ilimsaidia mke wangu mpaka moyo ukajaa: jinsi mimi na mama mkwe tulivyokubali utobolewe

Wakuu, na wewe unayepita tu bila akaunti, kaa hapo kidogo unisikilize kama jirani aliyekuja kukueleza jambo. Haya yalitokea kwangu. Nitayasema yalivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi si daktari. Nauza dawa za mifugo katika duka la mzee mmoja Mhindi hapa Kitale, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kueleza. Hii unachanganya na maji. Hii ukimdunga ng'ombe, usiuze maziwa yake kwanza. Kwa hivyo mkiona nakawia mahali kueleza, mnivumilie, ni mazoea.

Tunaishi Kibomet. Mke wangu anaitwa Nanjala. Kwao ni upande wa Cheptais, kule Bungoma mlimani, na mama yake bado anafuga ng'ombe wa maziwa huko.

Mambo yalianza baada ya mtoto wetu wa pili, mdogo wake Brian, kuzaliwa. Nanjala alijifungua salama kabisa. Wiki chache baadaye miguu ikaanza kuvimba, akawa anakohoa, na akilala chali anakosa pumzi. Akawa analala ameketi, mito mgongoni.

Majirani walisema ni uchovu wa uzazi. Wengine wakasema ni baridi. Kliniki moja ikatupa dawa ya nimonia.

Asubuhi moja alitoka kuanika nguo akashindwa kurudi mlangoni. Nilimkuta ameketi chini ya kamba, nguo ya mtoto mkononi, ananitazama tu. Hakuweza hata kuniita.

Hospitalini hapa Kitale walimpiga picha ya moyo. Wakasema moyo umetanuka na hausukumi damu vizuri. Ni ugonjwa unaowapata kina mama wengine karibu na kujifungua au baada yake. (Wenye wake wajawazito, hapo msisome haraka. Kukosa pumzi ukilala chali si uchovu wa uzazi. Nenda useme waangalie moyo.)

Tukapewa rufaa hadi hospitali moja kubwa Nairobi. Jina naliacha. Mambo ya gharama pia nayaacha, kila mtu anajua hapo palivyo.

Kule hali ilizidi. Dawa hazikushika. Wakamweka kwenye mashine inayoitwa ECMO.

Nieleze polepole. Mashine hii hutoa damu kwa bomba kwenye mshipa wa paja, huitia oksijeni, kisha huisukuma kurudi mwilini kupitia mshipa mwingine mkubwa. Yaani inafanya kazi ya moyo na mapafu, ili moyo upate nafasi ya kupumzika. Daktari alituambia kwamba moyo wa mama aliyejifungua unaweza kurudi ukipata hiyo nafasi. Si wote. Lakini inawezekana.

Hilo neno kupumzika tulilishika kama kamba. Nilimpigia mama mkwe simu, akapanda basi kesho yake.

Sasa hapa lazima nisimame niwaeleze wale wasiotoka kwetu.

Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, na kadiri mnavyoheshimiana ndivyo mnavyokimbiana. Mama mkwe akija upande huu wa barabara, mimi navuka. Mimi na yeye tumekuwa tukiheshimiana sana.

Kwa simu lakini mnaongea. Simu haina uso.

Basi pale ICU tulijipangia wenyewe bila mtu kutupangia. Akiingia yeye kumwona Nanjala, mimi nashuka ngazi nikanywe chai. Nikiingia mimi, yeye anaenda kukaa kwenye benchi la mwisho wa korido. Wauguzi walidhani tumekosana.

Siku mbili za kwanza mambo yalienda. Mkojo ulirudi, ngozi ikapata rangi. Kisha nikaona kwenye lile bomba la kupumulia kuna povu la rangi ya waridi. Na ile mistari kwenye skrini, kuna mmoja ambao ulikuwa unapanda na kushuka kama vilima. Sasa ulikuwa umelala.

Daktari alinikuta pale kitandani akanieleza.

"Mashine inabeba mwili vizuri," alisema. "Lakini moyo wenyewe unateseka."

Nikamuuliza unatesekaje na umepumzishwa.

Akasema damu tunayoirudisha inapanda na mshipa mkubwa kuelekea moyoni, inakutana na mlango wa moyo usoni. Moyo ukiwa na nguvu unaufungua huo mlango na kusukuma damu yake nje. Wa Nanjala hauna nguvu hizo. Mlango haufunguki, ndiyo maana ule mstari umelala. Na damu kidogo bado inaingia upande wa kushoto kutoka mapafuni, haina pa kutokea. Chumba kinajaa, kinavimba, na damu inarudi nyuma hadi kwenye mapafu. Ndiyo lile povu. Na damu ikisimama sana humo ndani inaweza kuganda.

"Kwa hivyo haupumziki," nikasema.

"Haupumziki hata kidogo. Umebanwa."

Akaniambia wameshapunguza kidogo kasi ya mashine na kuongeza dawa, sasa wanaangalia njia nyingine, atarudi anieleze. Kisha nikaona shuka ya mama mkwe mlangoni, nikapita mlango ule mwingine nikashuka.

Kosa letu lilianzia hapo. Daktari aliporudi na hiyo njia nyingine, hakunikuta mimi. Alimkuta mama.

Nikiwa ngazini simu ikalia.

"Baba Brian, uko wapi?"

"Niko hapa kwa ngazi, Mama."

"Mimi niko kwa benchi. Usipande."

"Sipandi."

Tulikuwa tumetenganishwa na ukuta tu. Nilikuwa namsikia mara mbili, sikioni na kwenye korido.

"Huyu daktari ati anataka kutoboa moyo wa mtoto wangu."

Niliketi kwenye ngazi. Hilo sikuwa nimeambiwa.

"Kutoboa vipi?"

"Kutoboa! Kuna kutoboa kwingine? Mimi nilimzaa huyu mtoto bila shimo. Nimesema hapana, nikatoka. Si mashine iko? Waongeze spidi basi. Waambie waongeze mpaka mwisho."

Najua wengi wenu mngesema hivyo hivyo. Kwetu msaada ni kuongeza. Mtu akiwa na shida unaongeza watu, unaongeza chakula, unaongeza maombi. Nani amewahi kusikia msaada ukizidi unaumiza?

"Mama, daktari alikuambia kwa nini anataka kutoboa?"

"Kwa nini ya nini? Nilisikia kutoboa nikaondoka. Na wewe sikia. Ukitia sahihi hiyo kitu na mtoto wangu akifa, mimi nitajua ni wewe ulimtoboa."

Mjue kwamba sahihi ilikuwa yangu kwa mujibu wa hospitali. Ningeweza kupanda na kuiweka. Lakini kama Nanjala angekufa baada ya mimi kuiweka juu ya neno la mama yake, ningeenda kumzika vipi? Nani angewalea watoto na nani? Na kama ningengoja ukoo ukae Bungoma waamue, moyo ulikuwa unajaa huku tukingoja.

Nikafanya kile ninachofanya dukani. Nikaanza mwanzo.

"Mama, fikiria Nanjala yuko ndani ya nyumba, mgonjwa, anataka kutoka nje. Mlango wa nyumba hiyo unafungukia nje. Na sisi watu wake tumejaa nje, tumekuja kumsaidia, tunasukuma mlango tuingie."

"Si mrudi nyuma!"

"Daktari amerudi nyuma kidogo, amepunguza spidi. Akirudi sana, figo na ubongo zinakosa damu."

Nilisikia mtu akiburuta kiti kule kwenye korido.

"Kwa hivyo kuongeza spidi..."

"Ni kuongeza watu mlangoni, Mama."

"Woi. Na shimo ni la nini sasa?"

"Hilo sijui. Mimi niliambiwa nusu ya kwanza, wewe ukaambiwa nusu ya pili. Kila mmoja wetu alitoka na nusu yake. Lazima tusikie yote, sisi wawili, kwa mdomo wa daktari mmoja."

"Wapi?"

"Kwa kile chumba chake."

Wakuu, kile chumba kilikuwa na meza, viti vitatu, na nafasi ya kugeuka tu.

"Baba Brian," akasema, "unajua unachosema?"

"Najua, Mama."

Aliyetuokoa ni nesi mmoja ambaye kwao ni Bungoma. Alikuwa amemsikia mama akiongea na simu, akaelewa yote bila kuambiwa. Aliingia akageuza kiti kimoja kitazame ukuta, na kingine akakigeuza kitazame dirisha. Mama akaingia kwanza, amejifunika shuka kichwani, akaketi kutazama ukuta. Kisha mimi nikaingia kinyumenyume kama mtu anayeegesha trela, nikaketi kutazama dirisha. Daktari akabaki katikati na meza yake.

"Hawa wamegombana?" akamuuliza nesi.

"Hapana, daktari. Ni mkwe na mama mkwe. Ongea tu."

Akaongea. Namshukuru kwamba alianza upya, hakuruka kitu.

Alisema moyo una vyumba vya kushoto na vya kulia, na kati yao kuna ukuta mwembamba. Upande wa kushoto umejaa na hauna pa kutokea. Upande wa kulia ndiko bomba la mashine linakochotea damu. Wakipitisha mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja, wanaweza kutoboa tundu dogo kwenye ukuta huo na kulipanua kwa puto. Damu iliyobanwa kushoto itapita kwenda kulia, mashine iichukue. Kushoto kutapungua, mapafu yatakauka, na hapo ndipo moyo utapumzika kweli.

Dirishani niliona mtu akiosha gari.

Mimi hapo nikakumbuka kitu.

"Ni kama ile ng'ombe nyekundu," nikasema, nikiliambia dirisha.

Nyuma yangu kiti kikalia.

"Daktari," mama akasema, "muulize huyo mtu wa dirishani. Analinganisha mtoto wangu na ng'ombe?"

Daktari alinitazama, akamtazama nesi. Nesi alikuwa anatazama viatu vyake.

Niwaeleze wenzangu. Kabla sijamaliza kulipa mahari nilienda Cheptais siku moja nikakuta ng'ombe wa mama amekula majani ya lusani yenye umande. Tumbo limejaa hewa upande wa kushoto, limekaza kama ngoma, ng'ombe ametoa ulimi. Vijana walikuwa wanataka kumnywesha soda na mafuta, ati aongezewe nguvu. Mtu wa mifugo anajua ukimwongezea kitu hapo unamuua. Anayekufa hana upungufu, amejaa. Nilikuwa na troka kwenye mfuko wa kazi, ile sindano nene ya chuma. Nikamtoboa ubavuni. Mama alikuwa nyuma ya jikoni akipiga kelele, "Mnamwua! Mnamwua!" kwa kuwa hangeweza kuja nilipo. Kisha hewa ikatoka, ng'ombe akasimama.

"Simlinganishi mtoto," nikasema. "Nalinganisha kutoboa."

Kiti kikalia tena nyuma yangu.

"Daktari, muulize. Ile ng'ombe ilipona?"

"Mama anajua ilipona," nikasema. "Mwaka uliofuata ilizaa."

"Muulize tena. Lile shimo lilifunga?"

"Lilifunga."

Hapo akamgeukia daktari. Nilisikia sauti yake ikibadilisha upande. "Na hili la mtoto wangu litafunga?"

"Mara nyingine hujifunga," daktari akasema. "Mara nyingine tunaliziba baadaye kwa kifaa kidogo. Na mara nyingine linabaki dogo, mtu anaishi nalo."

"Mkimtoboa anaweza kufa?"

"Anaweza, mama. Sitakudanganya. Lakini tukimwacha hivi alivyo, nina hofu zaidi."

Nikangoja. Sikuweza kuuona uso wake na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kuuona.

"Mwambie aweke sahihi," mama akasema. "Na mtoe huyu mtu hapa, shingo imeniuma."

Nikaweka sahihi mezani nikitazama meza.

Walimpeleka mchana huo huo. Mimi nilikaa ngazini, mama kwenye benchi. Hatukupigiana simu. Nadhani kila mmoja alikuwa akiomba kwa njia yake.

Walipomrudisha, daktari alisema tundu limepatikana na damu inapita. Kesho yake povu lilikuwa limepungua. Picha ya mapafu iliyokuwa nyeupe kama ukungu wa mlimani ikaanza kuwa na nafasi nyeusi, na nyeusi hapo ndiyo nzuri, ndiyo hewa. Picha ya moyo ikaonyesha chumba cha kushoto kimenywea. Mstari kwenye skrini ulikuwa bado umelala, lakini daktari alisema sasa umelala kwa kupumzika, tuupe muda.

Kwenye ICU hiyo kulikuwa na baba mmoja aliyewekewa mashine kama hiyo na hakurudi. Nalisema kwa sababu niliahidi kusema yalivyokuwa. Mashine hii haina hakika.

Kisha asubuhi moja nikiwa chini na chai, simu.

"Baba Brian. Kale kamstari."

"Kamefanyaje?"

"Kameamka. Kanapanda kidogo kanashuka. Nesi anasema ati mlango umefunguka."

Nililia pale kibandani mbele za watu, na mwenye chai akaniongezea maandazi bila kuuliza.

Baada ya hapo walipunguza mashine kidogo kidogo, huku wakitazama kama moyo unaushika mzigo. Ulishika. Wakaitoa. Tundu lile bado lipo, dogo, wanalifuatilia kliniki. Nanjala anakunywa dawa za moyo kila siku, na tumeambiwa tusifikirie mimba nyingine bila kukaa na daktari kwanza. Watoto wawili wametutosha.

Kurudi Kibomet kulikuwa na kichekesho chake. Mama mkwe alikuja kumtunza Nanjala na mtoto. Sasa mama mkwe akilala kwako, wewe unalala wapi? Nilihamia mtaa wa Matisi kwa mwenzangu wa kazi. Nikija kuwaona nilikuwa nasimama nje ya ua, Nanjala anasogea dirishani tunaongea kama wachumba. Simu inalia: "Baba Brian, chai yako iko juu ya tanki."

Siku ya Jumamosi moja nilikuwa nimesimama hapo hapo na chai yangu ndipo watu wa nyumbani walipofika kutoka Bungoma. Wengi. Kuku, ndizi, wimbo wa kushukuru kutoka barabarani. Wote wanataka kumkumbatia, na Nanjala kwa adabu yetu alikuwa ameshaanza kusimama ili apokee wageni, apike, awasindikize hadi stendi.

Mama mkwe akatoka akasimama mlangoni na mikono kwenye fremu.

"Mnakwenda wapi nyote?"

"Si tumekuja kumsaidia mgonjwa," shangazi mmoja akasema.

"Mnasukuma mlango," mama akasema. "Kuku ziende jikoni, wawili mkafue nguo za mtoto, wengine mketi hapo nje. Ndani ni mmoja mmoja, na akiingia asimwambie Nanjala asimame."

Shangazi akanung'unika kwamba mama amekuwa daktari siku hizi. Lakini walikaa. Nguo zilifuliwa. Nanjala alilala, na nyumba ikiwa imejaa watu wake.

Nilisahau chai mkononi ikapoa.

Nilichojifunza si kingi. Msaada wowote una upande unaosukuma, na anayesaidiwa anaweza kubanwa nao bila kuweza kusema. Madaktari wanalijua hilo kuhusu moyo na wana njia zaidi ya moja za kuupunguzia mzigo: dawa, kasi ya mashine, vifaa vidogo, au tundu kama letu. Ipi inafaa, wao ndio wa kusema. Kazi yetu ndugu ni kusikia habari nzima, wote kwa wakati mmoja, kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Madaktari na wauguzi mlioko humu, mnirekebishe nilipokosea. Na kama kuna aliyewahi kuuguza mtu kwenye mashine hii, aandike hapa chini, maana sisi tulipotafuta mtu wa kumuuliza hatukumpata.

Siku ikikufika wewe, mchukue yule mtu wa familia ambaye neno lake lina uzito, ingieni kwa daktari pamoja hata kama mtapeana migongo, mkamwulize: moyo wenyewe unafungua mlango, au umejaa? Kisha msitoke kwenye viti mpaka amalize kujibu.